Shajara ya besi ya ami

11 Januari 2025

Nimeshuka bandarini Malindi, Unguja, na besi ya marehemu ami mgongoni, lile gitaa la nyuzi nne la sauti za chini. Njia nzima kutoka Mkoani, Pemba, niliipakata magotini. Hamali alitaka kuishusha chini pamoja na magunia, nikamwambia hii haiendi huko. Akauliza, "Kwani maiti hiyo, bwana?" Nikamjibu karibu sawa.

Shangazi alinikabidhi jana usiku, Wete. Ilikuwa uvunguni mwa kitanda kwenye kile chumba cha nyuma ambacho kila msimu hujazwa magunia ya karafuu. Ami aliishonea mfuko wa turubai mwenyewe, kwa sindano ya magunia, na ukiufungua tu harufu ya karafuu inakuvaa mpaka kooni. Nimeiacha barazani tangu adhuhuri na bado inanukia kama kikombe cha chai.

Umbo lake ni lile la Precision, besi ya Fender, kampuni ya magitaa ya Marekani, iliyotoka mwaka 1951 na kubadilishwa sura mwaka 1957, yenye pikapu iliyokatwa vipande viwili. (Pikapu ya gitaa, si ile gari ya kubebea ndizi. Wengine huku wanaiita maiki ya ndani.) Lakini si Fender. Kichwani jina limesuguliwa likaisha, na nyuma, kwenye bati la shingo, kumechorwa tu kwamba imetengenezwa Japani. Miaka ya 1970 viwanda vya Japani vilizitoa nakala hizi kwa wingi, na nyingine zilikuwa nzuri kuliko bei zake. Ami alikuwa akisema aliinunua Mombasa kwa baharia, mwaka 1981, akapunguziwa kwa sababu haikuwa na mfuko.

Hali niliyoikuta: nyuzi tatu badala ya nne, zote kutu. Shingo imepinda mbele kama upinde. Funguo za kukazia nyuzi mbili hazizunguki. Jeki, pale pa kuchomekea waya wa amplifaya, haipo, ni tundu na waya mbili zinaning'inia. Kirungu cha sauti kimepotea siku nyingi na mahali pake pamegandishwa kifuniko cha chupa ya dawa ya kikohozi, kile cheupe chenye meno. Hicho nakikumbuka tangu utotoni. Ami alikuwa akikizungusha kwa kidole kidogo bila kuacha kupiga.

Shangazi alisema neno moja tu wakati ananikabidhi: "Itengeneze, lakini usije ukaniletea besi nyingine."

Kikundi chetu cha taarabu kina harusi tatu mfunguo mosi, baada ya Ramadhani. Nimejiwekea kuwa ya kwanza nitaipigia hii.

18 Januari

Kuvunja. Nilidhani saa moja, nikamaliza siku nzima.

Chumvi ya hewa yetu haina huruma na skrubu. Bati jeusi la mbele lina skrubu ndogo kumi na tatu, na kila moja imeota kutu ikashikana na mbao. Ukilazimisha, kichwa kinakatika na mkia unabaki ndani. Dawa yake ni kuipasha moto skrubu kwa ncha ya chuma cha kuchomelea risasi, nusu dakika hivi, chuma kivimbe na kuachana na mbao, kisha unaigeuza kidogo kidogo, mbele na nyuma. Kumi na mbili zilitoka. Ya kumi na tatu nilikuwa na haraka ya Magharibi ikakatika. Mkia upo ndani na utabaki humo.

Chini ya bati: vumbi, maganda ya mayai ya mende, na karafuu kavu moja nzima. Nimeirudisha karafuu.

Shingo imefungwa kwa skrubu nne kubwa. Nilipoitoa, kwenye kitako chake, upande wa ndani kabisa, kulikuwa na kipande cha karatasi ngumu kilichokunjwa mara mbili. Tiketi ya sinema, Majestic ya Vuga, wino umefifia lakini jina linasomeka. Ami hakuitia humo kwa ukumbusho. Alitaka kuiinamisha shingo nyuma kidogo ili nyuzi zishuke, na kipande cha kadibodi mahali hapo kinafanya kazi hiyo. Tatizo lake ni kwamba kikikaa upande mmoja tu chini yake panabaki uwazi, na baada ya miaka na miaka ya kuvutwa kitako cha shingo huweza kujipinda kuufuata. Nimetazama kwa mwanga wa dirisha: hakijajipinda, au kimejipinda kidogo sana. Nitachonga kabari ya mninga inayojaza mahali pote, nene upande mmoja na nyembamba kama karatasi upande wa pili. Tiketi nimeiweka ndani ya msahafu wa zamani wa ami pamoja na picha zake.

26 Januari

Leo pikapu. Hapa nitaandika kwa kirefu maana ndipo nilipojifunza.

Nilipoipima kwa mita haikusoma kitu, kama waya iliyokatwa. Rafiki yangu tunayepiga naye kinanda akasema tupa, nunua mpya, tena nunua zile zenye betri ndani. Ameshanionyesha kwenye simu yake mara tatu. Lakini pikapu hii ni koili mbili zilizounganishwa moja baada ya nyingine, mnyororo mmoja. Pete moja ikikatika mnyororo wote umekufa, ingawa pete ya pili ni nzima. Nikapima kila moja peke yake. (Nyuzi za besi ni E, A, D na G, kutoka nene mpaka nyembamba.) Ile ya nyuzi za E na A: kiloomu 5.3, kipimo cha ukinzani wa umeme. Ile ya D na G: hakuna kitu. Kwa hiyo mgonjwa ni mmoja.

Waya wa koili ni mwembamba kuliko unywele, milimita 0.06 hivi, na umezungushwa maelfu ya mara kuzunguka sumaku. Ukikatikia ndani, lazima koili yote isukwe upya. Ukikatikia nje, kwenye mzunguko wa mwisho, kuna matumaini. Macho yangu hayakuweza. Nikaichukua mpaka Darajani kwa fundi saa mmoja mzee, nikamwomba kile kioo chake cha kubana jichoni.

Hakunipa kioo. Alikibana mwenyewe, akaigeuza koili chini ya taa yake, kimya, muda mrefu mpaka chai yake ikapoa. Kisha akasema, "Hapa, maalim," akaelekeza kwa ncha ya kibanio. Pale waya unapoingia kwenye kijicho cha shaba palikuwa na doa la kijani, dogo kama chembe ya ufuta. Kutu ya shaba. Ndani ya lile doa, waya ulikuwa umeliwa.

Yeye ndiye aliyefungua mzunguko mmoja kwa kibanio, akakwangua rangi ya waya kwa wembe mara mbili tu, mimi nikaushika umenyooka pumzi nimeibana, naye akagusa risasi. Tukapima: kiloomu 5.2. Hakutaka pesa. Alitaka kujua kama hiyo ndiyo inayofanya "dum dum" kwenye taarabu. Nikamwambia ndiyo. Akasema ile sauti ikikosekana kwenye harusi yeye huona kama chakula hakina chumvi, lakini hajawahi kumwona anayeipiga, kwa kuwa siku zote anakaa nyuma ya fidla.

Nyumbani nikaziunganisha koili mbili, kiloomu 10.5 jumla. Nikashukuru Mungu nikalala.

(Kumbukumbu: hapa nimefanya kosa ambalo sikulijua mpaka Machi.)

2 Februari

Funguo zote nne zimelala usiku kucha kwenye mafuta ya taa. Mbili zilizogoma zilikuwa zimejaa uchafu mgumu kama gundi. Nimezipaka grisi kidogo, sasa zinazunguka kwa vidole viwili. Sikununua kitu.

9 Februari

Shingo. Ndani yake kuna fito la chuma linalopambana na mvuto wa nyuzi, na nyuzi nne za besi zikikazwa huvuta jumla ya kilo 75 mpaka 90, kama mtu mzima ananing'inia kichwani mwa gitaa mchana na usiku. Ami aliiweka uvunguni nyuzi zikiwa zimekazwa. Ndiyo maana ya ule upinde.

Nati ya lile fito iko kichwani, chini ya kifuniko kidogo cha plastiki, na inataka ufunguo wa pembe sita. Kanuni yangu ni robo mzunguko kwa siku, basi. Mbao haina haraka kama wewe. Siku ya kwanza nilitia tone la mafuta ya kulainishia kutu na sikuigusa. Siku ya pili robo. Ilitoa mlio mfupi, kak, nikatoka jasho; ni kutu iliyoachia.

Kupima mwanya nimetumia vile vibapa vya chuma ambavyo mafundi pikipiki hupimia plagi. Unaubana uzi kwenye freti, vile vijiti vya chuma vilivyokatiza shingo, ya kwanza na ya mwisho, hapo uzi unakuwa rula, kisha unapitisha kibapa kati ya uzi na freti ya saba au ya nane. Siku ya kwanza kiliingia cha milimita 1.2, yaani mlango wazi. Leo, baada ya siku tano na robo nne, ni 0.35. Nimeacha hapo. Tuko kwenye kaskazi, joto na upepo mkavu; masika yakiingia mbao itakunywa unyevu na hesabu itabadilika.

Kitu kimoja kimenikalisha kitako nikitazama freti. Zimelika, lakini si zote sawa. Kwenye uzi wa A, freti ya tatu na ya tano zina mabonde mpaka kucha inakwama. Kwenye uzi wa D, ya tano pia. Yaani C, D na G. Sasa nenda freti ya saba ya uzi wa A, au ya pili ya uzi wa D, ambako kuna E: safi, karibu kama ilivyotoka kiwandani.

Nikacheka peke yangu. Rasti na Bayati ni maqamu, ngazi za sauti za taarabu. Rasti inaanzia C, Bayati inaanzia D, na katika zote mbili ile E si E kamili, ni ile iliyoshushwa nusu ya nusu, iliyoko katikati ya freti mbili. Fidla anaipata, udi anaipata, besi kubwa ya kusimama isiyo na freti anaipata. Ami na freti zake hakuweza, na kwa kuwa hakuweza kuipiga ilivyo, aliikwepa. Akakaa chini, C na G, D na G, akawaachia wenye fidla waseme wanalotaka. Miaka thelathini ya kukwepa noti moja imeandikwa kwenye chuma.

16 Februari

Nimekwenda kwa mzee mmoja Kikwajuni aliyekuwa akipiga besi ya kusimama zamani. Nilikuwa na swali: nizing'oe freti, nizibe mianya kwa vipande vyembamba vya mpingo, shingo iwe laini kama ya udi? Vijana wengi wanafanya hivyo, na mpingo tunao, ni wa ukoo mmoja na ile mbao ya rosewood ya Brazili wanayoiheshimu sana watengeneza magitaa. Hapo kweli ningeipata ile E.

Mzee aliishika besi, akapitisha kidole juu ya mabonde, akaniuliza kwanza habari za shangazi. Kisha: "Wewe unaijua Rasti?"

"Naijua kidogo, babu."

"Iimbe."

Nikaimba. Kwenye noti ya tatu akainua mkono. "Hapo umekosa. Sasa ukizing'oa, utakosa na harusini. Freti zinakusitiri."

Freti zinabaki. Nimezipiga msasa mwepesi kusawazisha vilele tu, na mabonde ya ami nimeyapunguza bila kuyamaliza. Kuyamaliza kungetaka kuondoa chuma kingi mno, au freti mpya kabisa, na freti mpya ni kazi ya mtu mwenye mkono kuliko wangu.

23 Februari

Ile nati nyeupe ya juu, kile kijiti kilichochongwa mifereji minne ambamo nyuzi hupita zikielekea kichwani, ilikuwa ya plastiki na imepasuka. Nikanunua kongoro sokoni Darajani. Mke wangu akafurahi akidhani ni la supu. Ikawa vyote viwili: supu tumekunywa, mfupa nimeuchemsha tena na sabuni kutoa mafuta, nikauanika juani siku nne, paka wa jirani amelinda kwa hamu. Ukikauka vizuri mfupa wa ng'ombe unalia tik ukiugonga kwenye meza, hauzizimi. Nimekata kipande cha milimita 42, nikachonga mifereji kwa vifaili vya sindano. Kimoja nilichonga kina kupita kiasi, uzi wa G ukawa unagonga freti ya kwanza, zzz. Nikaanza upya na mfupa uliobaki. Kongoro moja linatoa nati nyingi.

Huu ndio uboreshaji wa kweli niliofanya mpaka sasa, na umegharimu chini ya kilo moja ya nyama.

Briji mpya nzito, lile bati la chini zinapofungwa nyuzi, niliyoagiza Dar es Salaam, elfu tisini, haikuingia. Matundu yake hayalingani na ya zamani hata moja. Ningeweza kutoboa mapya. Nimeyatazama mabati mawili yale, jipya linang'aa na la ami lina madoa, nikalirudisha la zamani baada ya kulilaza kwenye siki. Jipya liko kabatini, mwenye kulitaka aseme.

5 Machi, Ramadhani

Kazi sasa ni baada ya tarawehe mpaka daku.

Nyuzi zimefika, nimeletewa na shemeji kutoka Uingereza: nyuzi bapa, zile ambazo waya wa nje ni kama utepe, hazina mikwaruzo. Uzi wa mduara unalia kama kengele. Bapa unatoa sauti fupi, mbichi, yenye mwili, na kwenye taarabu hiyo ndiyo yenyewe, maana lazima ukae chini ya ngoma ya dumbaki bila kugombana na nyuzi za ganuni. Ami hakubadilisha nyuzi zake miaka na miaka, na nyuzi za mduara zilizochakaa zinakaribia bapa kwa sauti. Wengine hulipa pesa nyingi kupata kile ambacho yeye alikipata kwa uvivu, Mungu amrehemu.

Jeki mpya, elfu tano. Potenshiometa ya sauti, ile inayozungushwa na kirungu, ilikuwa inakwaruza. Nimeipulizia dawa ya kusafishia na kuizungusha mara hamsini, imenyamaza. Kapasita ya toni nimeipima, nanofaradi 49, wakati ya kawaida ni 47. Inabaki. Kila mtu ananiambia badilisha kapasita. Kwa nini? Inapima sawa.

Nikachomeka kwenye amplifaya. Ikalia! Noti nne zikatoka. Halafu nikaondoa mkono, na chini ya noti kukawa na mvumo, vuuuu, mzito, usiokatika.

14 Machi

Siku tisa za mvumo.

Umeme wetu ni hezi 50, yaani mitetemo 50 kwa sekunde. G ya freti ya tatu kwenye uzi wa E ni hezi 49. Maana yake nyumba yangu yote inapiga G isiyokwisha, iliyopanda kidogo, na mimi napiga juu yake. Ukiingia kwenye wimbo wa G unasikia mawimbi mawili yanasuguana, wau, wau, wau, mpaka meno yanauma.

Nilianza na jibu wanalolitoa wote: ziba tundu la ndani kwa shaba ili umeme wa hewani usiingie. Kwanza nikajaribu karatasi ya aluminiamu ya jikoni, ile ya kuokea samaki. Imeshikana vizuri kwa gundi, lakini risasi haikamati aluminiamu hata ufanyeje, inaviringika na kudondoka kama tone la maji kwenye jani la mgomba. Nikaibandua yote. Nikaagiza utepe wa shaba Kariakoo, elfu thelathini na tano, ukaja na boti. Nikabandika siku mbili, kazi safi, ndani kunang'aa kama sinia la Eid. Nikachomeka.

Vuuuu.

Nikagundua waya wa kuunganisha briji na ardhi ya umeme ulikuwa umekatika tangu enzi za ami. Nikaurudisha. Sasa nikigusa nyuzi mvumo unapungua, nikiachia unarudi. Afadhali, lakini si dawa. (Mkishaunganisha huo waya, pimeni amplifaya yenu kwa tesita kabla ya kuweka mdomo kwenye maiki. Kwa majenereta ya harusini yalivyo, nyuzi zilizoungwa ardhini na maiki yenye hitilafu vinaweza kukurusha chini.)

Jana usiku nilikuwa nimekaa tu, besi mapajani, nimechoka, nikageuka kumwangalia mtoto aliyeamka. Mvumo ukapungua. Nikarudi, ukaongezeka. Nikazunguka na kiti changu mzunguko mzima kama mwendawazimu: nikitazama friji ni mkubwa, nikitazama dirishani ni mdogo.

Hapo ndipo nilipojua. Pikapu ya namna hii haitakiwi kufanya hivyo. Zile koili mbili zimetengenezwa kinyume, moja imesukwa upande mmoja na nyingine upande wa pili, na sumaku zao zimepinduliwa vilevile. Sauti ya nyuzi inatoka sawa kwa zote, lakini mvumo wa hewani unaingia moja juu na moja chini, na vikikutana vinafutana. Ndiyo faida ya kuikata pikapu vipande viwili tangu mwaka 1957. Ikiwa yangu inavuma, basi hazifutani. Zinajumlishana. Ile Januari, nikiwa na furaha ya kiloomu 5.2, niligeuza waya mbili za koili iliyotibiwa. Na kwa sababu kila uzi unapita juu ya koili yake tu, sauti haikuharibika hata kidogo, ndiyo maana sikushtuka.

Kuna kipimo rahisi ambacho ningekifanya mwanzo. Chukua mita ya sindano, gusa bisibisi kwenye sumaku za koili ya kwanza kisha uivute ghafla: sindano inaruka. Fanya hivyo hivyo kwa ya pili. Zikiwa sawa, sindano inaruka upande mmoja kwa zote. Yangu iliruka huku, kisha kule.

Nikabadilisha waya mbili. Dakika nne, pamoja na kupasha moto chuma. Nikachomeka nikaongeza sauti mpaka mwisho, na kukawa kimya, nikasikia muadhini wa msikiti wa chini anakohoa kabla ya kuwasha kipaza sauti.

Shaba ya elfu thelathini na tano iko ndani na haina kosa. Lakini haikuwa na kazi.

22 Machi

Rafiki wa kinanda kaja baada ya futari na ile pikapu ya betri, ameshainunua, kama zawadi. Tumeijaribu kwa kuiunganisha nje bila kuifunga. Ina nguvu, haina mvumo, kila noti inatoka kama imepigwa pasi. Tukarudi kwenye ya ami. Akasikiliza, akanyamaza, akaomba urojo uliobaki. Baadaye mlangoni akasema, "Basi hiyo nitie kwenye gitaa langu." Jirani wa ghorofa ya chini naye alipanda kuuliza kama tunasogeza makabati; E ya chini ni hezi 41 na majumba haya ya Michenzani yanaipitisha kwenye kuta vizuri kuliko hewani.

13 Aprili

Harusi ya kwanza jana, Jang'ombe. Besi ilikaa kwenye sauti usiku kucha, na kifuniko cha dawa ya kikohozi kipo mahali pake. Nilinunua virungu viwili vya chuma, nikavivua saa moja kabla ya kutoka nyumbani. Mabonde ya freti ya tatu na ya tano vidole viliyafuata vyenyewe. Wimbo mmoja wa Bayati nilijisahau nikaenda freti ya saba, E kavu, na mwenye fidla akanigeukia. Nikarudi D.

Mvua za masika zimeshaingia wiki hii na shingo imeanza. Jumatatu ilikuwa 0.35, leo asubuhi kibapa cha 0.55 kimepita bila kuguswa. Nimetia robo, nitasubiri kesho nipime tena.

Usiku nikampigia shangazi Wete. Nikaweka simu juu ya amplifaya, nikampigia ule mwendo wa taratibu ambao ami alikuwa akiufanyia mazoezi barazani, chini kabisa, uzi wa E na wa A. Nikamaliza nikachukua simu.

"Umesikia, shangazi?"

"Sijasikia kitu, mwanangu. Nasikia mvua yenu tu."

Simu hizi hazifiki chini huko. Nikarudi nikapiga ule ule juu, kwenye uzi wa G, freti ya kumi na mbili. Akakaa kimya. Kisha akauliza boti ya Mkoani wiki ijayo inaondoka saa ngapi huko Unguja.